Mtoto Niliyempiga Mbele Yako

Mwalimu wangu Bi Zuwena,

Jana tumekusomea arubaini yako, hapo hapo kwako Mlandege. Watu walijaa mpaka ngazini, wengi kuliko waliokuja siku ya maziko. Mimi nilikaa kwenye jamvi la wanawake nikiwatazama mmoja mmoja, nikijiuliza walikuwa wapi hawa ulipokuwa unapanda ngazi hizo kwa kukaa kitako, kipandio kwa kipandio, kwa sababu mguu haukanyagiki. Mwalimu mkuu naye alikuja. Alijitanda kanga mpya, akala haluwa, akanywa kahawa, na watu walipoanza kukutaja kwa wema akasema, "Marehemu alikuwa mtu wa subira. Hajapata kumkunjia mtu uso." Wote wakaitikia kwamba ni kweli. Mimi nikanyamaza, kama kawaida yangu.

Nimerudi nyumbani na maneno ambayo sikuyasema pale. Nimekaa kuyaandika kwa sababu wa kumwambia ni wewe tu. Usitaraji sifa. Umesifiwa vya kutosha jana.

Nilipokuja kwako nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimetoka chuo cha ualimu na daftari jipya kwapani, nikapangiwa niwe msaidizi wako katika darasa la kwanza la skuli yetu ya wasichana ya Ng'ambo. Wiki ile ile mtoto mmoja alikasirika akakitupa kibao chake sakafuni kikavunjika vipande viwili. Mimi nilirudi nyuma nikupe nafasi ya kupiga. Hukupiga. Ulimuonyesha ndoo ya maji iliyokuwa nyuma ya mlango, ile ya vitambaa vya kufutia vibao, ukamwambia, "Nenda kakamue." Akaenda akachovya kitambaa, akakamua, akachovya tena, akakamua, mpaka mikono ikachoka na midomo ikaacha kumtetemeka. Kisha akaja mezani kwako, ukainama, akakunong'oneza sikioni. Ukamjibu neno moja tu, "Nshasikia," ukampa ufagio akazoe vipande.

Nilikuuliza alichosema. Ukaniambia kila mtoto wako anajua kwamba akishakamua, lazima aje aseme maneno yanayoanza na "Mimi nna." Mimi nna hasira. Mimi nna wivu. Mimi nna khofu. Na ataje ni kwa nani, au ni kwa ajili ya nini. Moyoni nilicheka. Mimi nilisomeshwa kwa fimbo tangu chuo cha Kurani, na niliona unawadekeza watoto wa watu. Siku nyingi baadaye, tunasahihisha hesabu, ndipo uliponieleza. Ulisema, "Mtoto wa miaka saba hajui kama kile kinachomchemka kifuani kitapoa. Anadhani atabaki vile vile mpaka afe, ndiyo maana anauma, anapiga, anavunja. Sisi tukae naye mpaka ajionee mwenyewe kwamba kimepoa. Na kikishapoa, akitaje."

Nnakumbuka pia siku aliyokuja mkaguzi, akakusema mbele ya watoto kwamba ukuta wako hauna picha. Alipoondoka ulikwenda nyuma ya mlango, ukakunja mikono ya gauni, ukaanza kukamua vitambaa wewe mwenyewe, kimoja baada ya chengine. Darasa zima likageuka kukutazama. Mmoja akasema taratibu, "Mwalimu ana hasira." Ukamjibu bila ya kugeuka, "Naam, nnazo. Niacheni kidogo." Watoto wakarudi kwenye vibao vyao kama watu wazima wanaomstahi mwenzao. Siku ile ndiyo niliyoacha kucheka.

Kisha akaja Kazija.

Baba yake fundi seremala, hapa hapa Ng'ambo. Mama yake alikuwa amepewa talaka akarudi kwao Makunduchi, mtoto akabakishwa mjini kwa mke mwengine. Kazija alikuwa anang'ata. Akisukumwa anang'ata, akichekwa anang'ata, na siku nyengine hakuna aliyemgusa. Wewe ulikaa naye kwenye ile ndoo kiasi cha miezi mitatu kabla hajatamka neno. Nilikuwepo alipotamka. Alisema, "Mimi nna mama yangu," akashindwa kuendelea, na wewe hukumsahihisha. Ulisema, "Nshasikia." Baada ya hapo akaanza kupungua. Wiki nzima inapita bila ya meno. Ulikuwa ukimtazama kama mtu anayetazama chungu chake kikikauka vizuri.

Lakini mji ulikuwa umeshaharibika. Tangu yalipoanza mambo ya uchaguzi, watu wa mtaa mmoja wakawa hawanunui duka moja, hawazikani, hawaendeani harusini, na sisi darasani tukawa tunaona watoto wanahama madawati. Nunuu alikuwa akikaa na Kazija tangu mwanzo wa mwaka, wakila pamoja mkate wao wa mapumziko. Siku moja asubuhi akachukua kibao chake akahamia safu ya mbele. Kazija akamfuata akamuuliza kwa nini. Nunuu akamjibu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayerudia alichoambiwa, "Mama kanikataza nisikae na wewe. Kasema nyinyi si watu." Kazija akamkamata mkono akamng'ata mpaka damu ikatoka.

Uliwatenganisha. Ukamsafisha Nunuu mkono, ukamfunga kitambaa, ukawakalisha wote wawili kwenye mkeka. Kazija akakamua. Nunuu, ambaye hajapata kuhitaji ile ndoo, naye akaomba akamue. Nunuu akasema ana khofu ya mama yake. Kazija akasema ana hasira na mama yake Nunuu. Ukawaambia wote wawili umesikia, ukamwambia Kazija kwamba hasira zake hazina kosa na meno yake yana kosa, na kwamba kwa wiki mbili yeye ndiye atakayembebea Nunuu mkoba wake, kwa sababu mkono ule yeye ndiye aliyeuumiza. Kazija akakubali. Mimi niliona yamekwisha.

Asubuhi ya pili baba yake Nunuu alikuja, amefuatana na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ameshika bakora ya henzirani. Ilikuwa saa mbili na nusu, watoto wanaandika. Mwalimu mkuu alikwambia, "Bi Zuwena, mchape huyu mtoto mbele ya mzee huyu."

Ukasema, "Simchapi. Nshamaliza naye."

"Umemaliza naye vipi?"

"Wote wawili wamesema kilichowauma, na wote wawili wamesikilizwa. Aliyeumiza anafanya kazi ya kufidia."

Baba yake Nunuu akasema, "Mwanangu asikilizwe nini, mwalimu? Mwanangu kang'atwa." Na hata leo naona yule baba alikuwa na neno. Alama za meno nilizitazama mimi mwenyewe. Lakini hukumwambia kilichotoka kinywani mwa mwanawe kabla ya meno. Ulinyamaza ili umhifadhi Nunuu asipigwe kwao, nnajua. Umewahifadhi wengi kwa kunyamaza, Mwalimu, na nitafika huko.

Mwalimu mkuu akanigeukia mimi. Akaninyooshea ile bakora, akasema kwa upole kabisa, "Mwanajuma, wewe bado hujathibitishwa kazini."

Nikaipokea.

Sita, mkononi. Kazija alinyoosha kiganja mwenyewe bila ya kuambiwa. Ya kwanza hakulia. Ya pili hakulia, akageuka kukutazama wewe, si mimi. Ya nne niliipiga kwa nguvu zaidi kuliko zote. Hilo sijapata kumwambia mtu. Watu wanadhani nilipiga kwa khofu ya kazi, nami nimewaacha wadhani hivyo kwa sababu khofu ina haya kidogo kuliko ukweli wenyewe. Tatu za mwanzo zilikuwa za khofu. Ya nne ilikuwa ya hasira, zangu mimi, kwa kuwa mtoto wa miaka saba alikataa kunililia ili niweze kuacha. Ndoo ilikuwa hatua nne kutoka niliposimama.

Na wewe ulisimama dirishani, chaki mkononi, unatazama nje.

Nimekaa na jambo hili mwaka mzima sasa, na nataka nikwambie: nna hasira na wewe. Ulikuwa mkubwa wangu. Ungeita jina langu tu, "Mwanajuma," kama ulivyokuwa ukiniita nikikosea tarehe ubaoni, mkono wangu ungeshuka. Nnajua ungeshuka. Hukuniita. Ulinipima ukaniona nilivyo, ukaniacha niendelee mpaka sita. Kisha ukawaambia watoto, "Nendeni mkacheze," na ilikuwa bado si wakati wa mapumziko.

Barua yako ya uhamisho ilikuja kabla ya mfungo. Skuli ya shamba, upande wa Fumba, na wewe una sukari na kidonda kwenye kisigino. Kila alfajiri ukashuka ngazi, ukapanda gari la shamba, ukateremka njia panda ukaenda kwa miguu kwenye mawe. Daktari alisema umekufa kwa sukari. Sisemi kwamba daktari ni muongo. Nasema tu kwamba kidonda kile ulipokuwa na sisi kilikuwa kinafunga.

Nilikuja kukuona mara moja. Mara moja tu, kwa miezi minane. Nilileta machungwa na mkate wa boflo, nikakusalimu Shikamoo, ukaitika Marahaba, ukaninyanyulia mto nikae vizuri. Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa nikijisemea maneno ya kukuomba radhi, na nilikuwa nataka unigombeze kwanza, unitukane ukitaka, unifukuze nyumbani kwako. Ulimwita mtoto wa jirani akatutilia chai ya mdalasini. Ukaniuliza habari za mama. Ukaniuliza kama paa la darasa bado linavuja pale juu ya ubao. Kila nilipofungua mdomo ukanisogezea kikombe. Nilipoaga ukasema, "Karibu tena, mwalimu."

Mwalimu. Siku zote ulikuwa ukiniita Mwanajuma, na ukifurahi mwanangu. Hiyo ndiyo adhabu uliyonipa, na uliitoa kwa adabu hata sikuweza kulia mbele yako. Uliwafundisha watoto mia ngapi kusema "nna hasira na wewe," na mimi ukaninyima. Ungenipa maneno hayo manne ningeondoka nayo, yangenichoma, na ningekuwa na njia ya kurudi. Ukanipa chai. Nikaogopa kurudi, wiki ikawa mwezi, na nilipopata habari tena ilikuwa ni mtu anabisha hodi kwetu asubuhi kunambia umeondoka.

Kwa hivyo jana mwalimu mkuu aliposema hujapata kumkunjia mtu uso, hakukosea. Alidhani anakusifu.

Sasa nikupe habari za darasa, maana nimeachiwa mimi, na mwaka ulipogeuka nikapanda nao la pili. Nimethibitishwa kazini. Ndoo iliondolewa wiki ile ile uliyohamishwa, ikasemwa inalowesha sakafu. Watoto wanakaa safu kwa safu, na safu ya upande mmoja haiazimi kalamu ya kibao kwa safu ya upande mwengine. Sikuandikii nani wa upande gani, unawajua wote na wazee wao. Jana kwenye khitma yako ilikuwa vivyo hivyo, hawa ndani, wale ngazini, na sahani zinapitishwa kimya.

Kazija hakung'ata tena. Mwalimu mkuu alimtaja kwenye mkutano wa walimu kama mfano. "Mnaona? Fimbo sita, na mtoto amekuwa mtu." Kwenye ripoti yake ya mwisho wa mwaka mimi mwenyewe nimeandika tabia njema. Hazungumzi. Ukimuuliza tatu na nne anaandika saba kwenye kibao anakunyanyulia usome. Muda mrefu nilijiambia kwamba ametulia.

Siku chache baada ya kukuzika tulikuwa tunafinyanga udongo, nikamwambia akunje mikono asichafue gauni. Hakutaka. Nikamkunjia mimi. Juu ya kiwiko, pale nguo inapofunika, mkono umejaa alama za meno, za zamani na mpya, na nyengine bado zina unyevu. Mwalimu, meno hayakuacha kazi. Yamebadilisha mkono tu.

Niliikunjua ile nguo nikaishusha taratibu. Nikaenda uani nikasimama chini ya mti wa mkungu mpaka nikaweza kurudi.

Asubuhi iliyofuata nilikuja na ndoo ya kwetu nyumbani. Niliiweka nyuma ya mlango, nikawakalisha watoto wote sakafuni na mimi nikakaa sakafuni nao, nikasema mbele yao, "Kazija, siku ile nilikupiga. Nilikuwa nna khofu ya kufukuzwa kazi. Halafu nikawa nna hasira na wewe kwa kuwa hukulia. Ulikuwa hujanikosea kitu. Kosa lilikuwa langu." Kisha Rukia, yule mdogo wa mwisho wa safu, akauliza, "Mwalimu, sasa nani atakuchapa wewe?" Aliuliza kwa kutaka kujua. Kazija alikuwa anafuta kibao chake, na kilikuwa hakina kitu.

Siku zikapita. Wengine wakaanza kuiendea ndoo, hata walioingia baada yako, wakifundishwa na waliokukuta. Nunuu aliiendea mara mbili. Kazija hakuisogelea.

Jumanne iliyopita, wakati wa hesabu, alisimama kwenye nafasi yake. Alikwenda nyuma ya mlango. Akachovya, akakamua. Sikuthubutu kutazama, niliendelea kuandika ubaoni, na nilichoandika baadaye niliona hakisomeki. Alikuja mpaka mezani. Nikainama nimpe sikio, kama ulivyokuwa ukifanya, lakini hakunong'ona. Alisema kwa sauti, na sauti ilikuwa imepasuka kwa kukaa bure:

"Mimi nna hasira na wewe."

Nikamuuliza, "Za siku ile?"

"Za siku ile. Na za Bi Zuwena."

Nikasema, "Nshasikia." Nilinyoosha mkono nimguse bega, akarudi nyuma hatua moja. Nikaurudisha mkono wangu. Akaenda kukaa. Hakunisamehe, Mwalimu, na sikumuomba. Lakini tangu siku ile anapoulizwa tatu na nne anasema saba kwa mdomo wake, na nimeangalia ule mkono kwa kisingizio cha kumnawisha. Jana hakukuwa na alama mpya. Sijui kesho.

Mwalimu mkuu alikuwa anapita barazani akamsikia. Aliniita ofisini mapumziko. Bakora ilikuwa juu ya meza. Akasema, "Mtoto anamwambia mwalimu wake ana hasira naye, darasa zima linasikiliza, na wewe unamwambia umesikia."

"Naam."

"Kamlete. Na utamchapa wewe, ili ajue."

"Simchapi."

"Kuna nafasi shamba, Mwanajuma. Ile ile."

"Nitakwenda."

Usinihesabie ushujaa. Nshathibitishwa, na aliyethibitishwa hafukuzwi ovyo, anahamishwa tu, na mimi miguu yangu mizima. Ujasiri ule ulikuwa na thamani siku moja, na siku hiyo nilikuwa nimeshika bakora. Hakumchapa mtoto yeye mwenyewe. Sijui kwa nini. Labda hajapata kupiga kwa mkono wake, labda siku zote amepata mtu kama mimi wa kumpigia. Barua bado haijafika, lakini jana kwenye jamvi alipitisha macho juu yangu kama anayepitisha juu ya ukuta.

Nakuaga sasa. Sitakuomba radhi kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haiwezi kunikatalia, na radhi isiyoweza kukataliwa haina maana. Ninachoweza ni ahadi. Sitamwinulia mtoto wa mtu mkono ili nijiokoe mimi, hapa au shamba. Na mtu akinikosea nitamwambia usoni, nikiwa hai na yeye yu hai, hata akiwa ni mkubwa wangu, hata akiwa nnampenda. Hilo la pili nimejifunza kwako kwa njia mbaya.

Mungu akurehemu, Bi Zuwena, na kaburi lako alifanye pana.

Kesho asubuhi, kabla ya kengele, nnakwenda karakana kwa baba yake Kazija kumuomba ampeleke mtoto Makunduchi kwa mama yake siku za likizo. Nadhani atakataa. Atasema mwalimu haingii katika mambo ya nyumba za watu. Basi nitakwenda tena kesho kutwa.

Mimi,
Mwanajuma